Risala ya Wakazi wa Mwambao wa Kigoma na Ujiji kuhusu Ushahidi wa Macho katika Kesi za Kuharibu Mali

Mheshimiwa Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu, Kanda ya Kigoma, waheshimiwa mahakimu, ndugu mawakili, maofisa wa Polisi na Magereza, wazee wetu wa Ujiji na viongozi wa mialo:

Sisi tunaoleta risala hii ni wavuvi wa dagaa, matajiri wa vyombo, kina mama wachuuzi wa samaki, wakulima wa michikichi na ndugu wa watu waliowahi kufungwa, kutoka Kibirizi, Katonga, Ujiji na vijiji vya mwambao kaskazini na kusini ya mji. Tumechagua Wiki ya Sheria kwa kuwa ndiyo wiki ambayo Mahakama hutufuata tulipo. Wiki nyingine zote sisi ndio huja kwenu, na wengi wetu huja tukiwa na pingu mkononi au tumembebea chakula mwenye pingu.

Malalamiko yetu yanahusu kesi za kuharibu mali kwa makusudi zinazosimama juu ya mtu mmoja kusema, "Nilimwona, namfahamu." Watu wetu wanafungwa kwa maneno hayo kabla maswali ya lazima hayajaulizwa. Maswali huja kuulizwa na jaji wakati wa rufaa, na majibu hayapatikani kwa sababu hakuna aliyeyaandika siku ya kwanza. Mfungwa anaachiwa akiwa ameshatumikia kifungo, na mwenye mali anabaki na hasara bila kujua aliyemtia hasara ni nani. Wote wawili ni wa kwetu, ndiyo maana mtaona majina ya matajiri wa vyombo na ya ndugu wa wafungwa chini ya karatasi moja.

Ieleweke pia kwamba hatukuja kuwatetea waharibifu. Humu mna watu waliochaniwa nyavu na kukatiwa michikichi. Kifungu cha Kanuni ya Adhabu tulichozoea kukiita 326 kinasema anayeharibu mali ya mtu kwa makusudi na bila haki anaweza kufungwa hadi miaka 7; akitia moto nyumba au chombo, kosa linakuwa la kuchoma mali na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Adhabu hizo hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni namna anavyopatikana wa kuzibeba.

Mheshimiwa, mwambao huu una desturi zake, na mgeni akizisikia mara moja ataelewa kesi zetu zinakwama wapi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Wazee walitumia karabai, vijana wa leo wana taa za sola na betri, lakini kazi ni ileile. Mwezi ukijaa taa haziwavuti tena dagaa, kwa hiyo vyombo hupandishwa mchangani na watu hukaa wakishona nyavu. Giza likirudi wanaume huingia ziwani, na mwalo hubaki na walinzi, kina mama wachache na vyombo vilivyoharibika. Mwenye nia mbaya huchagua usiku huohuo. Basi kosa hutendeka wakati jicho la binadamu lina nguvu ndogo kuliko wakati wowote, na mshtakiwa akisema "nilikuwa ziwani", mashahidi wake ni wenzake wa chombo kimoja ambao siku ya kesi wako ziwani tena, au wamefuata samaki upande wa Burundi na Kongo.

Tutoe mfano mmoja, bila jina la mtu, la mwalo, la kituo wala la mahakama. Tajiri mmoja alikuta wavu wake wa dagaa umechanwa kwa kisu toka kona moja hadi nyingine, na mashine ya boti imetiwa mchanga. Mlinzi alisema amemwona kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye chombo hicho na kuondoka kwa ugomvi wa mgawo. Alimwona kwa umbali gani? Kama hatua ishirini. Kwa mwanga gani? "Kulikuwa na taa." Basi. Ni taa ya nani, ya aina gani, ilitundikwa wapi, ilikuwa mbele ya kijana au nyuma yake, hayo hayamo. Maelezo ya mlinzi polisi yaliandikwa siku ya tatu, na humo amesema alimtambua "kwa sura na mavazi", lakini mavazi yenyewe hayakutajwa hata rangi. Hakimu aliandika kwamba shahidi amemfahamu mshtakiwa kwa muda mrefu, hivyo hakuna nafasi ya kukosea. Kijana akafungwa, na akaamriwa kulipa fidia ambayo hata angeuza nyumba ya baba yake isingetosha.

Rufaa ilikubaliwa. Jaji aliuliza maneno manne kuhusu mwanga, umbali, muda na mazingira, na jalada likawa halina majibu ya kutosha. Kijana alirudi nyumbani akiwa amekwishatumikia sehemu kubwa ya kifungo. Wavu haukulipwa. Mlinzi aliacha kazi. Familia ya kijana na ya tajiri hazisalimiani hadi leo, kila moja ikiamini Mahakama ndiyo iliyoidhulumu. Tofauti yao ni tarehe tu, moja inataja siku ya hukumu na nyingine siku ya rufaa.

Maneno hayo manne hayakuzuka Kigoma. Mahakama ya Rufani iliyaweka wazi katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyomo katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1980. Ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, na kwamba mahakama isimtie mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Ikataja mambo ya kutazamwa: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumjua kabla. Kabla ya hapo, mwaka 1953, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Abdulla bin Wendo ilikwishaonya kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha kuthibitisha jambo, ila anapokuwa mmoja na mazingira ni magumu ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Na katika kesi ya Issa Mgara, kisha ya Said Chaly Scania, ikaelezwa kwamba haitoshi kusema palikuwa na mwanga. Shahidi aseme ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani. Sheria, basi, tunayo ya kutosha. Inakaa ghorofani, na kesi zetu huanzia chini, kwenye benchi la kituo cha polisi, mbele ya askari mwenye kalamu na majalada mengi.

Jambo la mwanga hatukutaka kulisema kwa kusikia, kwa hiyo baadhi yetu tulilijaribu mchangani usiku wa giza. Tulitundika taa ya sola kwenye mtumbwi kama inavyotundikwa siku zote, vijana wakaja mmojammoja na kuinamia wavu kama mtu anayeukata. Taa ile ikikaa chini huangaza mapaja na mikono. Uso wa mtu aliyeinama, tena mwenye kofia, hauonekani; na akiinuka huugeuza upande wa giza kwa sababu taa inamuumiza macho. Tochi ya mlinzi ina shida nyingine: humwonyesha vizuri mtu anayekutazama, na anayechana wavu hakutazami. Mama mmoja anayewauzia vijana haohao chai kila alfajiri alimtaja mmoja wao kwa jina la kaka yake. Alipoulizwa amemjuaje, alijibu kwa mwendo wake. Ndugu wale hutembea sawasawa.

Sasa tufikirie kama mama yule angekuwa shahidi namba moja. Asingesema uongo. Angeapa, angeulizwa, angejibu bila kusita, na hakimu angeandika kwamba amemwona shahidi kuwa mkweli. Hapo ndipo wengi tunapopotea, tukidhani kazi ya mahakama ni kumgundua mwongo.

La mwezi linatushangaza zaidi sisi watu wa Ujiji. Mtoto wa madrasa anajua kwamba mwezi wa tarehe 14 huchomoza jua linapozama na kukaa angani usiku kucha, na kwamba mwezi wa tarehe 27 hauonekani mpaka alfajiri inakaribia. Mvuvi anajua zaidi, maana mwezi ndio unaompangia kazi. Hata hivyo tumesoma mwenendo wa kesi ambamo shahidi anasema "kulikuwa na mbalamwezi", tarehe ya tukio imeandikwa mstari wa juu, na toka kituoni hadi hukumuni hakuna aliyefungua kalenda kuona kama mwezi ulikuwapo. Huko Marekani, mwaka 1858, Abraham Lincoln akiwa bado wakili wa mkoani alimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi alidai ameona yote kwa mwanga wa mwezi. Lincoln akatoa kitabu cha nyakati kilichoonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini kabisa, unakaribia kutua, na kijana akaachiwa. Kijana wetu hana Lincoln, lakini kalenda iko ukutani kwa kila mwenye duka pale mtaani Mwanga, na tunaomba itazamwe.

Mheshimiwa, tuna jambo lingine ambalo kwetu ni zito kuliko taa na mwezi. Kesi za wizi wa barabarani huwa na mtuhumiwa mgeni. Kuharibu mali kuna sura nyingine. Mgeni hana sababu ya kuchana wavu wa mtu asiyemjua wala kukata michikichi asiyoibeba. Anayefanya hivyo ana kisa, na mwenye mali akiamka na kukuta hasara, kabla hajauliza nani kaonekana, anajiuliza ni nani aliyekosana naye. Jina linakuja kwanza. Sura inalifuata. Kufika saa mbili asubuhi jina hilo limeshapita midomo ya mwalo mzima, sungusungu wamelisikia, mtendaji wa kijiji amelisikia, na mlinzi aliyeona kivuli ameshaambiwa na watu kivuli kile ni cha nani. Anapokaa mbele ya askari, yeye mwenyewe hawezi tena kutenganisha alichokiona na alichokisikia.

Ndiyo maana ile hoja ya "namfahamu siku nyingi", ambayo mahakama za chini huichukua kuwa nguvu ya ushahidi, kwetu inaweza kuwa udhaifu wake. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika kesi ya Turnbull, mwaka 1976, ilikubali kwamba kumtambua unayemjua ni rahisi kuliko kumtambua mgeni, lakini ikaonya kuwa watu hukosea hata kwa jamaa na marafiki zao wa karibu. Na kuna mtego mwingine. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, mwaka 2002, Mahakama yetu ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema ni dhamana kubwa ya ukweli wake. Hatuipingi kanuni hiyo, na imewaokoa wengi waliotajwa baada ya miezi. Lakini mwenye kinyongo hutaja mapema kuliko mtu yeyote. Jina analo tangu mwaka jana. Kwa hiyo tunaomba kesi ya Marwa Wangiti isisomwe peke yake. Isomwe na ya Jaribu Abdallah, ambamo Mahakama hiyohiyo ilisema kwamba mazingira ya kutambua yanaweza kuonekana mazuri kabisa na bado yasiwe kinga dhidi ya shahidi asiye mkweli. Mawakili wa Serikali wanapenda kuikumbusha mahakama kesi ya Goodluck Kyando, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa pawe na sababu ya msingi ya kutomwamini. Sawa. Ugomvi wa mgawo uliokwishafika kwa mwenyekiti wa mtaa ni sababu ya msingi, au walau ni sababu ya kuuliza.

Kuhusu michikichi tutasema machache. Huko mara nyingi mshtakiwa hakatai kwamba amekata. Anasema shamba ni lake. Mchikichi hukaa miaka kabla ya kuzaa, na tangu Serikali ilipolipa zao hili kipaumbele mkoani kwetu thamani ya ardhi ya mpakani imepanda, na hasira nazo zimepanda. Mahakama ilikwishasema katika kesi ya Sylivery Nkangaa, ripoti za mwaka 1992, kwamba shtaka la jinai la kuingia kwenye ardhi haliwezi kusimama wakati umiliki wa ardhi hiyo bado unagombewa na haujaamuliwa na chombo cha madai. Tunaona mantiki hiyohiyo inafaa kwa miti iliyo juu ya ardhi hiyo. Shtaka la kuharibu mali lisigeuzwe njia ya mkato ya kushinda kesi ya mpaka.

Gwaride la utambulisho, kwa kesi chache zenye mtuhumiwa mgeni, halihitaji maneno mengi. Tangu kesi ya Mwango Manaa ya mwaka 1936 inajulikana kwamba mtuhumiwa achanganywe na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Kumpeleka shahidi kituoni akamwone mtuhumiwa amekaa sakafuni bila viatu, kisha kuja kumnyooshea kidole kizimbani, hakumsaidii mtu yeyote.

Vielelezo navyo hutuangusha. Mwenye mali huleta tathmini ya hasara kutoka kwa bwana shamba au ofisa uvuvi, inapokelewa, inawekwa kwenye jalada bila kusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003 inajulikana kwamba hati ikishapokelewa lazima isomwe. Isiposomwa, kwenye rufaa inafutwa kwenye kumbukumbu, na pamoja nayo hufutika thamani ya wavu. Tajiri anayeketi nyuma ya chumba cha mahakama akisikia karatasi yake imefutwa kwa kosa ambalo si lake hawezi kuelezwa akaelewa. Tumejaribu kumweleza.

Njia ya rufaa yenyewe imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa baba zetu. Tangu Kigoma ipate Mahakama Kuu yake, rufaa hazipandi tena treni kwenda Tabora, na Mahakama ya Rufani nayo huja kufanya vikao vyake hapa. Tunashukuru kwa dhati. Kilichobaki ni karatasi. Sheria inampa aliyehukumiwa siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa na siku 45 za kuleta hati ya rufaa, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Siku hizo 10 mfungwa huzimaliza akiwa bado hajaelewa alichosomewa, na kule kusubiri nakala ndiko kunakomeza kifungo. Rufaa ya kifungo cha mwaka mmoja ikisikilizwa mwezi wa kumi na nne, ushindi wake ni wa kwenye karatasi. Kisha nakala ikija, mara nyingi imeandikwa Kiingereza, ingawa Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na kuiacha lugha nyingine kwa pale tu haki inapodai. Mfungwa huanza kutafuta mfungwa mwenzake aliyesoma amsaidie kuandika sababu za rufaa, na ndiyo maana waheshimiwa majaji mnapokea sababu kumi na tano zinazosema jambo moja, na ile ya taa haimo.

Katika rufaa ya kwanza jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, kama ilivyosemwa katika kesi ya Pandya ya mwaka 1957. Wajibu huo umewaokoa watu wetu wasiojua kuandika sababu. Lakini jaji hawezi kupima kitu ambacho hakikuandikwa, wala hawezi kumrudisha mlinzi mchangani usiku ule.

Tunaongeza neno moja la historia. Uingereza haikuwa na mahakama ya rufaa za jinai mpaka sheria ya mwaka 1907, na mojawapo ya sababu kubwa za kuitunga ilikuwa masaibu ya Adolf Beck, aliyefungwa miaka 7 mwaka 1896 baada ya wanawake wengi, mmoja baada ya mwingine, kuapa kwamba yeye ndiye aliyewatapeli. Akatiwa hatiani tena mwaka 1904 kwa makosa ya namna ileile, ndipo tapeli mwenyewe akakamatwa. Mashahidi wale walikuwa wengi na walimwona tapeli mchana kweupe, tena kwa karibu. Kwetu ni mlinzi mmoja na taa.

Kwa hayo tunadai na kuomba yafuatayo.

Kwa Jeshi la Polisi: maelezo ya shahidi anayedai kumtambua mtu yaandikwe siku ileile, kabla watu wa mwalo hawajamfundisha, na yawe na mambo ya lazima: taa gani na ilikuwa wapi, umbali, muda aliomtazama, mtu huyo alikuwa akifanya nini na uso wake ulielekea wapi, alivaa nini, wamefahamiana tangu lini, na wana ugomvi gani. Hilo la ugomvi liulizwe waziwazi. Mpelelezi arudi mahali pa tukio usiku, saa ileile na kwa taa ileile, apime umbali kwa kamba na kuchora ramani. Hatudai vifaa kutoka nje. Kamba tunazo, tutamwazima. Na majina yote ambayo mwenye mali ameyataja tangu asubuhi yaandikwe, hata yale aliyoyaacha baadaye. Jalada lenye jina la tatu likiwa limevaa mavazi ya jina la kwanza lina habari yake.

Kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka: tumesikia mara nyingi wakili wa Serikali akisimama kwenye rufaa na kusema kwa uungwana kwamba haungi mkono hukumu kwa sababu utambuzi ulikuwa dhaifu. Tunawaheshimu kwa hilo. Tunadai uungwana huo uje mapema, jalada linapofika mezani kwao kabla ya shtaka kusomwa. Udhaifu uleule ulikuwamo siku ile.

Kwa mahakama za chini: hakimu aandike katika hukumu yake amejibuje kila swali la Waziri Amani, na pale shahidi asipoulizwa na upande wowote, yeye amuulize. Tarehe ya mwezi itazamwe. Mshtakiwa asiye na wakili aelezwe siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, kwamba akitaka kujitetea kuwa alikuwa kwingine lazima atoe taarifa mapema, kwa sababu wengi husema "nilikuwa ziwani" siku ya utetezi na kuambiwa wamechelewa. Hapa kuna ugumu tunaoukiri. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, aliyekuwa ziwani usiku wa tukio alikuwa akivunja amri, na utetezi wake wa kosa moja ungekuwa ungamo la jingine. Mtu wa namna hiyo hunyamaza. Hatuombi asamehewe uvuvi haramu. Tunaomba kunyamaza kwake kusichukuliwe kuwa ushahidi wa wavu uliochanwa.

Kwa Mahakama Kuu: nakala za mwenendo na hukumu zitoke ndani ya siku 30 kwa mfungwa wa kesi ya namna hii, na kwa Kiswahili. Maombi ya dhamana wakati rufaa inasubiriwa yasikilizwe haraka pale kifungo ni kifupi na hukumu yote imesimama juu ya shahidi mmoja wa macho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu jaji au hakimu kutoa cheti ili asiye na uwezo apatiwe msaada haki inapodai hivyo. Tunaomba cheti hicho kitumike, maana kwetu wengi hawajawahi kukiona.

Nasi tuna upande wetu. Kila mwalo uliotia saini utaweka daftari chini ya kikundi cha usimamizi wa uvuvi: chombo kilichotoka, saa, na majina ya waliomo, likifungwa kila usiku kwa saini ya mlinzi na ya mchuuzi mmoja asiye na chombo. Daftari hilo litakuwa wazi kwa polisi na kwa upande wa utetezi sawasawa. Matajiri wamekubali pia kuweka taa moja ya kudumu kwenye nguzo, juu ya kimo cha mtu, katika kila mahali panapolazwa nyavu, na kupima kwa hatua toka nguzoni hadi kibandani kwa mlinzi. Mlinzi atakayesema "nilimwona" ataulizwa kwanza na sisi, kabla hatujamfikisha kituoni, kama alikuwa kibandani au nguzoni.

Tunaomba majibu katika kikao kijacho cha kusukuma mashauri cha mkoa, na tunaomba wavuvi wawili na mama mchuuzi mmoja waalikwe kukaa katika kikao hicho ajenda hii itakapofika. Kama tarehe itaangukia usiku wa giza, tujulishwe mapema ili waliochaguliwa wasiingie ziwani.

Tumewasilisha kwa heshima,
Wavuvi, wakulima, wachuuzi na ndugu wa wafungwa wa mwambao wa Kigoma na Ujiji.

Nakala: Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Mkuu wa Ofisi ya Mashtaka ya Mkoa, Mkuu wa Magereza wa Mkoa, Chama cha Mawakili Tanganyika, wenyeviti wa mialo yote iliyotia saini.